Joseph Olita

Joseph Olita (alifariki Juni 1, 2014, kwao Siaya, Kenya) alikuwa mwigizaji wa filamu wa Kenya, anayekumbukwa kwa kumwigiza Idi Amin, dikteta wa Uganda. Alimcheza mara mbili, na kwa watazamaji wengi wa Afrika Mashariki sura ya dikteta yule na sura yake zikawa kitu kimoja.

Filamu iliyompa jina ni Rise and Fall of Idi Amin (1981) ya mwongozaji Sharad Patel, iliyopigwa nchini Kenya. Kampala, mji mkuu wa Uganda, ilikuwa imeanguka na utawala wa Amin kumalizika Aprili 11, 1979, na vidonda vilikuwa vibichi. Kabla ya Olita, Amin aliigizwa na Wamarekani pia. Godfrey Cambridge alifariki Novemba 1976 katikati ya kurekodi filamu ya Victory at Entebbe, Julius Harris akashika nafasi yake. Yaphet Kotto naye akamcheza katika Raid on Entebbe. Olita, Mkenya, alikuwa jirani wa Uganda. Umbo, uso na Kiingereza chake kizito vilimkaribia mno Amin halisi, ambaye wakati huo alikuwa hai uhamishoni.

Katika filamu ya Patel yumo pia Denis Hills, mwalimu Mwingereza ambaye Amin alimhukumu kifo mwaka 1975 kwa aliyoyaandika juu yake, akanusurika baada ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, James Callaghan, kwenda Kampala kumchukua. Hills anajiigiza mwenyewe. Aliyeponea chupuchupu anasimama tena mbele ya uso ule ule, safari hii uso wa Olita.

Filamu yenyewe inapenda damu kupita kiasi. Friza inafunguliwa, ndani mna vichwa vya watu. Wahakiki waliilaumu kwa hilo, na walikuwa na haki. Lakini Olita ni mwigizaji mzuri kuliko filamu aliyopewa.

Tanzania haikuhitaji kuelezwa Amin ni nani. Wilaya ya Kibondo, magharibi mwa nchi, wakati wa vita vya Tanzania na Uganda ilipakana na Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambako majeshi yake yaliingia Oktoba 1978, na redioni aliitwa nduli. Anayeijua lugha ya mabanda ya video, Kibondo na Kasulu kama kwingineko, anajua kila mkanda una steringi, yaani shujaa, na adui, na steringi hafi. Mkanda wa Olita ulivunja kanuni hiyo: adui ndiye aliyebeba hadithi nzima, tena adui ambaye wazee waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wamemwona kwenye magazeti.

Miaka kumi baadaye mwongozaji Mira Nair alimwita amcheze Amin tena katika Mississippi Masala (1991), filamu aliyomo pia Denzel Washington, hadithi ya familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda mwaka 1972. Anaonekana kidogo tu. Forest Whitaker alipopata Oscar mwaka 2007 kwa kumwigiza Amin, Olita alikuwa bado hai.