Kabla Hujanunua Ile Jeki Ndefu, Jua Imetoka Wapi

Acheni niseme hili mapema ili tusisumbuane kule kwa maoni: ile jeki ndefu nyekundu mnayoiona imefungwa nyuma ya kila Land Cruiser mtandaoni imegeuka kuwa cheni ya shingoni. Msee anatoka Nairobi, anapanda Mlima Elgon wikendi, anapiga picha Kapsokwony na matope hadi kwa vioo, na jeki iko pale nyuma inang'aa rangi ya dukani. Halafu mnakuja kwa inbox: "Bro, ninunue jeki gani?"

Jibu ninalo, na nitalitoa. Lakini jeki ina historia, na sehemu ya hiyo historia inapita hapa kwetu, kwa hii barabara ya kutoka Kimilili kupanda Kapsokwony, kisha Kaptama upande mmoja na Kopsiro upande mwingine. Ukiijua historia, hata kuchagua kunakuwa rahisi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1795, Mwingereza Joseph Bramah alipewa hataza ya mashine ya kukandamiza inayotumia nguvu ya maji. Wazo lilitoka kwa Mfaransa Blaise Pascal: ukisukuma maji ndani ya bomba jembamba, ile presha inafika kwenye bomba nene ikiwa na nguvu kubwa zaidi. Mwaka wa 1851, fundi wa New York, Richard Dudgeon, akapata hataza ya mashine ya aina hiyo unayoweza kuibeba na kwenda nayo kazini. Huyo ndiye babu ya jeki ya mafuta, ile fupi yenye umbo la chupa ambayo kila dereva wa matatu anayo chini ya kiti.

Ile ndefu ina ukoo mwingine kabisa. Kampuni ya Hi-Lift imekuwa ikitengeneza jeki yake tangu 1905 katika mji mdogo wa Bloomfield, jimbo la Indiana, Marekani. Hapo hakukuwa na mtu wa kujirekodi. Ilikuwa kifaa cha shambani: kung'oa nguzo za ua, kuinua mkokoteni, kuvuta kisiki. Ni chuma kirefu chenye matundu, na pini mbili zinazopokezana kupanda. Pini moja ikishika mzigo, nyingine inaruka tundu moja juu. Haina mafuta wala sili za mpira za kupasuka. Ikijaa udongo unaiosha kwa maji, unaipaka oili, inaendelea. Ndiyo maana watu wanaoishi mbali na gereji waliipenda.

Halafu ikaja gari iliyofanana nayo. Land Rover ilionyeshwa watu mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 1948. Fremu ya chuma, bampa ya chuma, kila kitu kimenyooka. Ulikuwa unaweza kushika bampa mahali popote na jeki ndefu na gari likapanda. Afrika Mashariki ilijaa hizo Landi: serikali, wamishonari, walowezi wa Trans Nzoia, maafisa wa kilimo na misitu. Na hiyo jeki ikapata jina la huku. Wapo wazee wa magari Kenya hadi leo hawasemi Hi-Lift, wanasema jeki ya Tanganyika. Cheki hiyo: Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, ikaungana na Zanzibar 1964, jina likatoka kwa ramani. Nchi ilibadilisha jina, jeki ikabaki nalo.

Sasa tuingie kwa Safari Rally, kwa sababu najua wengi wenu mnadhani ilianzia Naivasha 2021. Ilianza 1953, ikiitwa East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa barabara za kawaida ambazo watu walizitumia kwenda sokoni. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968, tena yakamaliza 7 tu. Matope ndiyo yalikuwa refa. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi kwa kazi yake, alishinda 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika rally nyingine. Akarudi kushinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Lakini angalieni zile picha za zamani vizuri. Gari limezama hadi milangoni, na pembeni kuna watu. Wanaume wamekunja suruali, vijana wa shule wako peku, kina mama wamesimama juu ya ukingo wakitoa maelekezo. Wanasukuma. Dereva tunalijua jina lake, gari tunajua muundo wake, hata nambari ya mlangoni tunaijua. Waliosukuma hawana majina kwenye rekodi yoyote.

Hapa ndipo mimi nina neno. Tunasimulia historia ya kujikwamua kana kwamba ni historia ya vifaa. Kwa huku kwetu, kifaa kikuu kilikuwa bega la mtu.

Na bega halikuwa la kujitolea kila wakati. Sheria ya utawala wa wenyeji ya 1912 iliwapa machifu na vichwa vya vijiji nguvu ya kuamuru watu wafanye kazi za umma, barabara zikiwemo. Ukikataa ni kesi. Kwa hiyo fikiria mzee wa wakati huo: analazimishwa kuchimba barabara ambayo hana gari la kuipitia, mvua inanyesha, gari la bwana mkubwa linakwama kwenye ile ile barabara, halafu anaitwa tena akalisukume. Kazi mbili, barabara moja, malipo hakuna.

Ndiyo maana neno harambee linanigusa. Kabla halijawa kauli ya taifa, lilikuwa mwito wa watu wa kazi: mmoja anaita, wote wanavuta kamba ama kuinua mzigo kwa pumzi moja. Jomo Kenyatta alilichukua 1963, likawekwa kwenye nembo ya taifa. Yaani nchi yetu iliamua kujieleza kwa sauti ya watu wanaoinua kitu kizito bila jeki. Ni neno zuri sana. Lakini ukilitumia vibaya linageuka kuwa kisingizio: kwa nini tuchimbe mitaro ya maji barabarani wakati wananchi wanaweza kusukuma?

Mlima Elgon ni volkano ya zamani, na udongo wake ndio unaotulisha. Viazi, vitunguu, mahindi, kahawa, vyote vinatoka humo. Mvua ikija, udongo huo huo unateleza kama sabuni. Punda wa vitunguu anapita, Probox inakwama. Pikipiki imebeba mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, inakwama. Lori la viazi likilala njiani siku mbili, mkulima anakula hasara na broka wa Kitale anashusha bei. Hizi si stori za wikendi. Yule kijana unayemwona pembeni ya barabara amesimama na jembe, anajua hiyo kona kuliko mwongozo wowote wa YouTube.

Haya, jeki. Kama gari lako ni Probox, Vitz, Rav4 ama chochote chenye bampa ya plastiki, achana na ile ndefu. Hakuna mahali pa kuishikisha, itang'oa bampa na kukuacha pale pale. Nunua jeki nzuri ya mafuta yenye umbo la chupa, ya tani zaidi ya uzito unaoinua, na ubao mnene wa kuiweka juu yake. Bila ubao, jeki inazama kwenye matope na gari linabaki lilipo. Ubao ni bei ya soda na chapo, na ndio nusu ya jeki.

Kama una Landi ya zamani, ama Land Cruiser ya kazi yenye bampa ya chuma, ile ndefu inakufaa. Inauzwa kwa urefu: ya inchi 48 inatosha wengi, ya 60 ni ya gari lililoinuliwa. Ni nzito, karibu kilo 13 na zaidi, kwa hivyo ifunge vizuri. Itumie kuinua tairi, ujaze mawe na matawi chini yake, ushushe. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa nayo. Usiachilie mpini ukiwa na mzigo, kwa sababu unaweza kukurukia na kuvunja taya. Simama kando, weka mawe kwa magurudumu mengine, na usiinamishe uso juu ya mpini. Hizo pini zikijaa udongo hazishiki vizuri, kwa hivyo safisha kabla ya safari, si baada ya kukwama.

Kuna pia ile ya mfuko inayojazwa na moshi wa eksozi. Kwa matope laini inasaidia kwa sababu ni pana, lakini jiwe moja lenye ncha linaweza kuitoboa, na huku mawe tunayo.

Cha mwisho hakiuzwi dukani. Weka pesa kando kwa watu watakaokutoa, na uikubali kama gharama ya safari, sawa na mafuta. Wasikilize, maana wao wameona magari mangapi yakizama hapo. Ukiposti video, waonyeshe nyuso zao wakikubali na utaje majina yao wakitaka. Halafu uliza kwa sauti, kwa kaunti na kwa mbunge, mitaro ya maji iko wapi. Miaka zaidi ya 100 ya kusukuma inatosha.

Na ukikwama karibu na Kapsokwony, shuka kwanza usalimie wazee. Buti utafungua baadaye.