Majengo ya Umma: Hewa, Mwanga na Fedha ya Watu Wote

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima

Mwalimu atalisoma somo kwanza. Kisha ulisome mwenyewe, polepole, mpaka mwisho.

Maneno ya kujua kabla ya kuanza

Kanuni: agizo lililoandikwa la namna ya kufanya kazi.
Gharama: fedha zinazotumika katika jambo fulani.
Nishati: nguvu ya kuendeshea vitu, kama umeme, mafuta, kuni au jua.
Mkaguzi: mtu anayechunguza kama kazi imefanywa sawasawa.

Nani hulipa, na nani hukaa ndani?

Mtu akijijengea nyumba yake, yeye ndiye anayenunua mabati, na yeye ndiye atakayelala chini ya mabati hayo. Joto likizidi, atajilaumu mwenyewe. Shule ya serikali haiko hivyo. Anayekubali bei ya kuijenga ni mtu mmoja. Anayelipa umeme na mafuta kila mwezi ni mwingine. Na anayekaa ndani tangu asubuhi mpaka alasiri ni mtoto, ambaye hakuulizwa neno lolote. Tena sheria yamlazimisha kwenda shule. Hewa ya darasani ikiwa mbaya, hana mahali pengine pa kwenda.

Basi, leo tutaona jinsi watu wa Marekani walivyofika hata kuandika sheria juu ya jambo hili. Tutatazama zaidi jimbo la Washington. Usilichanganye jimbo hili na mji mkuu wa Marekani wenye jina hilo hilo. Jimbo la Washington liko mbali na mji mkuu, upande wa magharibi, kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki. Mji wake mkubwa ni Seattle. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake na gavana wake.

Tetemeko la mwaka 1933

Tuanzie jimbo la California, lililo kusini ya Washington katika pwani hiyo hiyo. Tarehe 10 Machi 1933, jioni, ardhi ilitetemeka karibu na mji wa Long Beach. Watu wapatao 120 walikufa. Majengo ya shule 230 hivi yalianguka, au yaliharibika vibaya, au yalionekana kuwa ya hatari. Bahati njema watoto walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Tetemeko hilo lingekuja saa chache kabla, vifo vya watoto vingekuwa vingi mno.

Wazazi waliuliza: kwa nini shule zimeanguka, nazo zimejengwa kwa kodi zetu? Bunge la California halikukawia. Katika muda wa mwezi mmoja lilipitisha sheria iitwayo Sheria ya Field. Tangu hapo ramani za kila shule ya umma katika jimbo hilo hukaguliwa na serikali ya jimbo kabla ya kujenga, na kazi hukaguliwa wakati wa kujenga.

Shika neno hili la kwanza la somo letu: serikali ikitoa fedha ya kujenga shule, yaweza pia kutoa kanuni ya namna shule hiyo itakavyojengwa. Mwaka 1933 kanuni ilihusu nguvu ya kuta. Baadaye watu walianza kuuliza habari za hewa iliyomo ndani ya kuta hizo.

Mafuta yapanda bei

Katika miaka ya 1950 na 1960 umeme ulikuwa rahisi Marekani, na mafuta yalikuwa rahisi. Taa za mirija na mashine za kupoza hewa zilienea. Wajenzi wengine wakasema, ya nini madirisha? Taa zatoa mwanga, na mashine zaleta hewa. Hata shule zisizo na madirisha zilijengwa.

Mwezi wa Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilikataa kuiuzia Marekani mafuta kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Mwaka 1974 bei ilikuwa imepanda kutoka dola 3 hivi kwa pipa hata dola 12 hivi. Kupasha shule joto wakati wa baridi kukawa kazi ya fedha nyingi, maana sehemu nyingi za Marekani zina baridi kali, na theluji huanguka.

Watu wakatafuta njia ya kupunguza gharama. Njia moja ilikuwa kupunguza hewa inayoingia kutoka nje. Hewa ya nje ni baridi, na kuipasha joto kwahitaji mafuta. Kanuni ya zamani ilitaka kila mtu aliye ndani apate futi 15 za ujazo za hewa ya nje kila dakika. Ni kama kumletea mtu madebe 21 ya hewa mpya kila dakika. Kanuni mpya ilishuka mpaka futi 5, yaani madebe 7 tu. Madirisha mengine yalizibwa.

Gharama ilipungua kweli. Lakini ndani ya majengo hayo yaliyofungwa mlikuwamo harufu za gundi, rangi na mazulia, na pumzi za watu wengi. Watu wakaanza kulalamika. Kichwa chauma, macho yawasha, koo lakauka, usingizi waja kazini. Wakitoka nje wanapata nafuu; wakirudi ndani wanaumwa tena. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilitaja wazi kwamba jengo lenyewe laweza kuwa chanzo cha taabu hizo. Mwaka 1989 wataalamu wa Marekani waliirudisha kanuni ya zamani: futi 15 kwa kila mtu darasani, na futi 20 ofisini.

Basi Wamarekani walijifunza kwa taabu. Kupunguza matumizi ya mafuta ni jambo jema, lakini mwenye kujenga hana ruhusa ya kuipata akiba hiyo katika pumzi ya mtoto. Hapana budi kutafuta mambo mawili pamoja: gharama ndogo na hewa njema.

Kipimo kipya

Mwaka 1995 wakaguzi wa Bunge la Marekani walitoa taarifa juu ya hali ya shule za nchi nzima. Walisema zilihitajika dola bilioni 112 ili kuzitengeneza shule zirudi katika hali njema. Watoto wapatao milioni 14 walikuwa wakisoma katika shule zilizohitaji matengenezo makubwa.

Wakati huo huo, watu wa kazi za ujenzi walikuwa wakitafuta kipimo. Kila mwenye kuuza jengo alisema jengo lake ni zuri, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua ukweli. Uingereza ilikuwa imetoa kipimo cha namna hiyo mwaka 1990. Mwaka 1993 Wamarekani waliunda Baraza la Majengo ya Kijani. Neno kijani hapa halina maana ya rangi ya ukuta. Maana yake ni jengo linalotumia nishati na maji kwa uangalifu, lenye hewa safi, na lisiloharibu nchi iliyolizunguka.

Baraza hilo lilitunga kipimo kiitwacho LEED. Mwaka 1998 lilikijaribu, na mwaka 2000 likakitoa kwa watu wote. Kipimo hicho ni kama mtihani wa shule. Jengo hupewa alama: alama kwa kutumia umeme kidogo, alama kwa kuhifadhi maji, alama kwa mwanga wa jua, alama kwa rangi isiyo na harufu kali. Alama zote zilikuwa 69. Jengo lililopata 26 lilifaulu. Lililopata 33 lilipewa daraja la Fedha, 39 daraja la Dhahabu, na 52 daraja la juu kabisa, yaani Platini.

Seattle yatangulia, jimbo lafuata

Mwaka 2000 mji wa Seattle uliamua kwamba majengo mapya ya mji yenye ukubwa wa zaidi ya futi za mraba 5,000 yafikie daraja la Fedha. Ukubwa huo ni kama jengo la upana wa futi 50 na urefu wa futi 100. Makao mapya ya serikali ya mji yalifunguliwa mwaka 2003, nayo hukusanya maji ya mvua kwa matumizi ya vyoo. Maktaba kuu ya mji ilifunguliwa mwaka 2004.

Watu waliuliza, je, fedha ya ziada itatoka wapi? Mwaka 2003 taarifa moja iliyoandikwa kwa serikali ya California ilipiga hesabu ya majengo 33. Ilikadiria kwamba ukiongeza dola 2 juu ya kila dola 100 za kujenga, utapata faida ya dola 20 hivi katika miaka 20, kwa kupungua kwa gharama za umeme, maji na matengenezo, na kwa afya bora ya watu waliomo.

Mwaka 2005 Bunge la jimbo la Washington lilipitisha sheria, na gavana, Bibi Christine Gregoire, akaitia sahihi. Lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuweka jambo hili katika sheria. Majengo makubwa ya serikali na ya vyuo yaliyojengwa kwa fedha ya jimbo yalitakiwa kufikia daraja la Fedha. Shule ziliruhusiwa kuchagua kipimo hicho, au kipimo kingine kilichotungwa katika jimbo lenyewe kwa ajili ya shule. Tena hazikulazimishwa zote siku moja. Zilianza wilaya zilizojitolea, zikafuata wilaya kubwa, mwisho zile ndogo. Kadhalika, sheria iliagiza wakaguzi wa bunge waichunguze kazi hiyo baada ya miaka michache. Mwaka 2007 Baraza la Majengo ya Kijani nalo likatoa LEED ya shule, iliyotaka pia mtoto aweze kumsikia mwalimu wake vizuri.

Je, kipimo chasema kweli?

Sasa sikiliza vizuri, maana historia ya kweli haifichi upande wa pili.

Mwaka 1999 wachunguzi walipima madarasa katika wilaya 3 za shule, na Seattle ilikuwa mojawapo. Katika wilaya ya Capistrano, California, watoto wa madarasa yenye mwanga mwingi wa jua waliendelea upesi zaidi kuliko wenzao wa madarasa yenye mwanga kidogo: asilimia 20 katika hesabu na asilimia 26 katika kusoma. Watu wengi walifurahi. Lakini mwaka 2003 uchunguzi mwingine, katika mji wa Fresno, haukuona tofauti hiyo. Uliona kwamba dirisha lenye kuonyesha nje vizuri lasaidia, bali jua kali linalopiga machoni ladhuru. Kwa hiyo dirisha kubwa peke yake halitoshi. Yafaa kujua jua latoka wapi na laingia saa ngapi.

Mwaka 2008 majengo 121 yenye cheti cha LEED yalichunguzwa. Kwa wastani yalitumia nishati pungufu, kama robo, kuliko majengo ya kawaida. Lakini wataalamu wengine waliibishia hesabu hiyo. Tena baadhi ya majengo yalitumia nishati nyingi kupita yalivyotazamiwa. Sababu ni nini? Alama zilitolewa kwa kutazama ramani na hesabu za wajenzi. Hakuna aliyerudi baada ya miaka mitatu kusoma mita ya umeme. Ni kama kumpa mkulima zawadi kwa kutazama mbegu zake, wala si mavuno.

Ndiyo maana mwaka 2019 jimbo hilo hilo la Washington lilipitisha sheria nyingine. Hii yataka majengo makubwa, ya watu binafsi na ya serikali, yaonyeshe nishati yanayotumia hasa. Ilipopitishwa, iliweka mwaka 2026 kuwa mwanzo wa zamu ya majengo makubwa kabisa. Sheria ya 2005 ilipima ahadi ya mjenzi. Sheria ya 2019 yapima mita.

Tunajifunza nini?

Twaona mambo matatu. Kwanza, mwenye kutoa fedha ana haki ya kuweka kanuni, na fedha ya serikali ni fedha yako, wewe mlipa kodi. Pili, bei ya kujenga si bei yote. Jengo litalipiwa kila mwezi kwa miaka 40 au 50, na anayelipa ni umma. Tatu, kanuni bila ukaguzi hubaki karatasi.

Huenda wewe ni mjumbe wa kamati ya shule, au utakuwa siku moja. Ukiletewa ramani ya darasa jipya, usiulize bei peke yake. Uliza madirisha yataelekea wapi, hewa itaingia wapi na kutokea wapi, na nani atakuja kukagua baada ya miaka mitatu. Maswali hayo hayahitaji cheti cha chuo. Yahitaji mtu anayejua kusoma ramani na kusoma mita, na kazi hiyo ndiyo unayojifunza sasa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwaka 1989 kanuni ya hewa ilirudishwa kama zamani?
2. Sheria ya 2005 na sheria ya 2019 zatofautianaje?
3. Simama katikati ya darasa lenu. Hewa yaingia wapi? Yatoka wapi? Jua lapiga ukuta gani wakati wa mchana? Andika sentensi tatu.
4. Nani katika kijiji au mtaa wenu ajua gharama ya umeme, maji au matengenezo ya shule kwa mwaka? Mwulizeni, kisha mlete hesabu hiyo katika somo lijalo.