Kelele Iliyo Neno

Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hata leo ni mtaa wa mizigo, mikokoteni na honi. Katika msongamano huo mama amemshika mkono mwanawe mwenye ulemavu wa akili, mtu mzima wa miaka 30. Ghafla kijana anapiga kelele na kujipiga kichwani. Wapita njia wanasema, “Mfunge kamba, huyo kichaa!”

Kauli hiyo ina mizizi mirefu. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianzishwa na wakoloni katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wagonjwa wa akili, na kwa muda mrefu jamii haikuwatofautisha na wenye ulemavu wa akili. Kumbe ugonjwa huweza kuja na kupona. Ulemavu huu mtu hukua nao tangu utotoni. Sheria Na. 3 ya 1982 ilizungumzia matunzo ya wenye ulemavu, ikiwahusisha ndugu na serikali. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa, na Sheria Na. 9 ya 2010 ikazungumza lugha ya haki.

Je, dawa za kutuliza zatosha? Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa watu wazima 86 wenye ulemavu wa akili na tabia ya ukali. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walitulia si pungufu ya waliopewa haloperidol au risperidone. Hata hivyo, asiache mtu dawa bila ya daktari wake.

Wataalamu hutufundisha kuuliza: nini kilitangulia fujo, na nini kilifuata? Huenda ni jino, sikio, choo kigumu, njaa, au kelele za soko. Mama akiandika katika daftari kwa wiki chache, huenda akagundua kwamba fujo huja saa sita mchana, jua likiwa kali. Basi ataenda sokoni alfajiri, na atamfundisha mwanawe kuinua mkono akichoka. Mkono ukiinuliwa, waondoke mara moja, ili ajue kwamba amesikika.

Kamba hunyamazisha, lakini haisikilizi. Ndugu yangu, ukikutana nao Kariakoo, wapishe njia kwanza.