Umbali na Fungu la Bajeti: Wabunge wa Australia na Sheria za Kusaidiwa Kufa

Sheria inayomruhusu mgonjwa asiye na tumaini la kupona aombe msaada wa tabibu ili afe kwa hiari yake hujadiliwa bungeni kwa lugha ya dhamiri. Vyama huwaachia wabunge wapige kura kila mmoja kwa imani yake, na hotuba hujaa habari za wazazi walioteseka vitandani, maandiko matakatifu na haki ya mtu juu ya mwili wake. Nchini Australia, ambako majimbo yote sita yalitunga sheria za aina hii kati ya 2017 na 2022, mjadala ulikuwa pia na upande usiotangazwa sana: maswali kuhusu barabara, ndege, uhaba wa madaktari na fedha. Makala haya yanashikilia kwamba maswali hayo ndiyo yaliyoipima miswada barabara. Sheria ikishapita hudumu mpaka ifutwe. Fedha za kuitekeleza huombwa upya kila mwaka.

Ili kuona kwa nini umbali una uzito, yafaa kuangalia utaratibu wenyewe. Mgonjwa hutoa ombi zaidi ya mara moja, na mojawapo huwa kwa maandishi mbele ya mashahidi. Madaktari wawili waliopata mafunzo maalumu humpima, kila mmoja kivyake. Katika sheria ya Victoria, ya kwanza kupita kati ya majimbo, angalau mmoja wao alitakiwa awe na ujuzi wa ugonjwa unaohusika. Dawa haiuzwi duka lolote. Wafamasia wa kituo kimoja katika Hospitali ya Alfred mjini Melbourne huipeleka jimbo zima. Kwa mkazi wa Melbourne, hizi ni ziara chache za kliniki. Kwa mgonjwa wa Mildura, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, kila hatua yaweza kumgharimu siku nzima garini, naye huenda hawezi hata kuketi.

Jaribio la mwanzo kabisa lilikuwa la Wilaya ya Kaskazini, yaani Northern Territory, eneo lenye watu wachache waliotawanyika. Sheria yake ya 1995 ilianza kutumika Julai 1996, ikatumiwa na watu wanne, kisha Bunge la Shirikisho likaibatilisha Machi 1997. Katika miezi hiyo ilielezwa hofu kwamba Waaborijini wa vijijini wangeanza kuzikimbia zahanati wakidhani kwamba aendaye kutibiwa atauawa. Hofu hiyo ilitumiwa na wapinzani wa sheria, lakini haikuwa uzushi wa kisiasa tu. Pale ambapo zahanati ni moja na imani ya watu kwa tabibu ni haba, sheria mpya huweza kudhoofisha hata huduma isiyohusiana nayo.

Victoria ilipofika zamu yake mwaka 2017, Baraza la Chini lilikesha likijadili. Baraza la Juu nalo lilipunguza kipimo cha muda uliobaki wa kuishi kutoka miezi 12 hadi 6 kwa wagonjwa wengi, likabakiza miezi 12 kwa wenye maradhi yanayoharibu mishipa ya fahamu. Serikali ya waziri mkuu wa jimbo, Daniel Andrews, ilijivunia kinga 68 zilizomo ndani ya muswada. Kinga hizo zilihesabiwa kwa jicho la mjini. Sharti la daktari wa pili ni kinga, tena ya maana, lakini kwa aliye mbali ni safari ya pili. Kufupisha muda hadi miezi 6 kulionekana tahadhari. Kwa mgonjwa anayesubiri miadi ya bingwa katika hospitali ya mkoa, kulimla muda wa kuutimiza utaratibu wenyewe. Kuhusu gharama za umbali, mengi yaliachiwa watendaji.

Australia Magharibi haikuweza kulikwepa suala hilo. Jimbo hilo lina kilomita za mraba zipatazo milioni 2.5, zaidi ya Tanzania, Kenya na Uganda zikijumlishwa, na takriban wanne kati ya kila watu watano wanaishi Perth na viunga vyake. Kutoka Kununurra hadi Perth ni zaidi ya kilomita 3,000 kwa barabara. Muswada uliopelekwa bungeni mwaka 2019 ulihojiwa kwa wiki nyingi katika Baraza la Juu, kifungu kwa kifungu, na ulipotoka Desemba ulikuwa umefanyiwa marekebisho 55. Walioukawiza walilaumiwa kwamba wanavuta muda, na baadhi yao kweli walikuwa wakiuvuta. Hata hivyo sheria iliyopatikana ina mambo ambayo Victoria haikuwa nayo. Inatamka kama kanuni kwamba mkazi wa mkoani anastahili kuifikia huduma kwa kiwango sawa na mkazi wa Perth. Inamtaka mkuu wa idara ya afya atoe waraka rasmi unaoeleza jinsi serikali itakavyowezesha jambo hilo. Inawaruhusu pia wauguzi wa ngazi ya juu kumpa mgonjwa dawa, badala ya kuwategemea madaktari peke yao. Huduma ilipoanza Julai 2021 ulikuwepo mpango wa kugharimia safari za wakazi wa mikoani au za tabibu anayewafuata.

Ustadi wa kibunge uko hapo. Kanuni ya usawa, ikisimama peke yake, ni maneno mazuri. Ikiambatana na wajibu wa kutoa waraka, mbunge wa upinzani anapata kitu cha kukishika mkononi katika kamati ya makadirio na kuuliza fungu liko wapi. Lakini sheria haikutaja kiasi chochote cha fedha, na kwa desturi za mabunge ya aina hii matumizi huanzishwa na serikali, si na mbunge wa kawaida. Mlango ulifunguliwa, kuingia kunategemea hazina ya mwaka husika.

Hoja iliyosikika kila jimbo ilikuwa ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu mgonjwa asiyepona: mgonjwa wa kijijini asiyepata mofini kwa wakati wala muuguzi wa kumtembelea nyumbani hachagui kufa kwa hiari, bali anaikimbia adha ambayo ingetulizwa. Huko Queensland, ambako Baraza la Juu lilifutwa tangu 1922 na kazi ya kuhoji huangukia kamati, chama cha madaktari na wadau wa tiba shufaa walitaka nyongeza ya dola milioni 275 kwa mwaka. Serikali ilitangaza milioni 171 zitakazotolewa kwa miaka kadhaa. Muswada ulipita Septemba 2021 kwa kura 61 dhidi ya 30.

Hoja hiyo ni nzito, ila hutumiwa kwa nia mbili. Wako wanaoitoa kwa sababu wameona watu wao wakifa kwa maumivu, na wako wanaoikumbuka siku ya muswada tu. Kipimo cha kuwatofautisha ni chepesi: mbunge husemaje bajeti ya afya inaposomwa, wakati hakuna muswada wa kusaidiwa kufa mezani? Tena, fedha si kizuizi pekee. Uganda, yenye kipato kisichokaribia cha Australia, iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini tangu 2004, na kwa hatua hiyo ya kikanuni ikaifikisha tiba shufaa vijijini ambako daktari hayupo. Wabunge wanaodai mabilioni kwanza wangeuliza pia nani anaruhusiwa kuandika dawa.

Queensland ilichukua hatua nyingine inayoonyesha kwamba swali la kijijini lilisikika. Katika mji mdogo, hospitali au makao ya wazee yaweza kuwa moja tu, tena ya kanisa linalopinga kusaidiwa kufa. Sheria inaiachia taasisi haki ya kutoshiriki, lakini inaizuia kumnyima mkazi wake wa kudumu nafasi ya kuonana humo na tabibu wa nje pale ambapo kumhamisha hakufai. Kipimo cha miezi 12 kwa wagonjwa wote nacho huwapa walio mbali muda zaidi.

Kizuizi kimoja kimebaki nje ya mamlaka ya majimbo yote. Marekebisho ya Kanuni ya Makosa ya Jinai ya Shirikisho yaliyopitishwa 2005, yaliyolenga mitandao inayochochea watu kujiua, yanakataza kutumia simu au intaneti kueneza maelezo ya namna ya kufanya hivyo. Majimbo yaliandika katika sheria zao kwamba kifo cha aina hii hakihesabiwi kuwa kujiua. Novemba 2023 Mahakama ya Shirikisho, katika kesi iliyofunguliwa na daktari Nicholas Carr wa Melbourne, iliamua kwamba katazo hilo la Shirikisho linakihusu kifo hicho vilevile. Kwa hiyo daktari anayeweza kumwona mgonjwa wa moyo kwa video hawezi kumweleza mgonjwa huyu matumizi ya dawa yake kwa njia hiyohiyo. Sharti mmoja wao asafiri. Wabunge wa majimbo wanaweza kuhoji, hawawezi kulifuta. Kadiri katazo hilo linavyodumu, hazina za majimbo ndizo zinazolipia safari ambazo Bunge la Shirikisho lingeweza kuzipunguza bila kutumia senti.