Fuzz Face ya gerimani: utambuzi wa hitilafu

Fuzz Face ni pedali ya gita inayokwaruza sauti kwa makusudi. Ilitolewa na kampuni ya Arbiter ya London mwaka 1966, na umbo lake la duara Ivor Arbiter alilipata kwenye kitako cha stendi ya maikrofoni. Ndani mna transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vidhibiti 2 tu. Uchache huo huwavutia wanaojiundia pedali nyumbani, kisha transista zake za gerimani huwatoa jasho.

Asili

Mkwaruzo wa aina hii ulianza kuuzwa mwaka 1962 kwa pedali ya Maestro FZ-1, ukavuma mwaka 1965 Keith Richards alipoutumia katika "Satisfaction". Fuzz Face yenyewe ilipata jina miguuni mwa Jimi Hendrix.

Transista

Hapa ndipo penye matatizo mengi. Arbiter walitumia NKT275 na AC128, zote za aina ya PNP. Transista za gerimani huvujisha mkondo hata zisipoamriwa kupitisha chochote, na uvujaji huo huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Ndiyo maana pedali iliyolia vizuri asubuhi yaweza kukatakata sauti mchana.

Mita za bei nafuu nazo hudanganya: huhesabu mkondo unaovuja kana kwamba ni ukuzaji, hivyo transista inayosomeka 120 huenda kwa kweli ni ya 80. Wajuzi wengi hutaka ya kwanza iwe na ukuzaji wa karibu 70 na ya pili zaidi ya 100. Zikiwekwa kinyume, si ajabu sauti ikatoka bila uhai.

Joto la kulehemu nalo huua. Fundi mwangalifu huubana mguu wa transista kwa koleo, kati ya pasi na mwili wake, au hutumia soketi na kuepuka balaa lote.

Kupima volti

Kabla ya kubadilisha kifaa chochote, mita iwekwe kwenye kolekta ya transista ya pili. Kwa betri ya volti 9, inatakiwa isome karibu hasi 4.5. Ikikaribia hasi 9, transista hiyo haipitishi mkondo, na mara nyingi mkosaji ni ile ya kwanza inayovuja kupita kiasi. Ikikaribia sifuri, ya pili imefunguka mno. Kasoro ndogo hurekebishwa kwa kuweka rezista ya kurekebishika mahali pa ile ya kilo-omu 8.2.

Sauti isipotoka kabisa, sababu huwa ya kawaida: miguu ya transista imepishana au lehemu haijashika.

Umeme

Katika saketi ya PNP, upande chanya ndio ardhi. Ikiunganishwa kwenye adapta moja na pedali za kawaida, ambazo ardhi yake ni hasi, huleta shoti. Betri yake yenyewe ndiyo salama zaidi.

Mahali pake

Hukaa ya kwanza baada ya gita. Ikitanguliwa na pedali yenye kikuza sauti, kupunguza sauti kwenye gita hakuisafishi tena.

Leo

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Arbiter walihamia silikoni, isiyojali sana joto. Dunlop ya Marekani bado inauza za aina zote mbili.