Kuharisha damu na prednisoloni: inavyotuliza utumbo, na kwa nini upime kwanza

Mtu wa Mkuyuni akianza kuharisha damu, majirani watamwambia ni ameba. Wengine watasema kichocho, maana ziwa liko hapo chini na wengi wetu tumeoga na kufua humo. Mara nyingi wanapatia. Ila wapo wachache waliotibiwa vyote viwili na miezi inapita damu bado inatoka. Hao huenda wana ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo. Upo wa aina mbili: kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana, na ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa.

Hapo ndipo inapotajwa prednisoloni. Hii ni steroidi, ndugu wa kotisoli, homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo zako zinaitengeneza kila siku. Siyo zile za kutunisha misuli gym.

Utando wa ndani wa utumbo una safu moja tu ya seli zilizobanana, juu yake kuna ute. Seli hizo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Kwa mgonjwa, kinga ya mwili inashambulia utumbo wake yenyewe. Chembe nyeupe zinamwaga kemikali, mojawapo TNF, zinazolegeza maungio ya seli. Bakteria wa kwenye kinyesi wanapenya, kinga inazidi kuwaka, vidonda vinachimbika.

Steroidi inaingia ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, kisha inakwenda kwenye kiini na kuzima jeni zinazoagiza kemikali zile. Uvimbe unashuka, maungio yanabana tena. Ndani ya siku au wiki chache damu inapungua.

Hilo lilithibitishwa zamani. Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Uingereza walichapisha jaribio la wagonjwa 210 wa kolaitisi. Waliopewa kotisoni, ugonjwa ulitulia kwa watu 41 katika kila 100. Waliopewa dawa bandia walikuwa 16.

Lakini kutulia siyo kupona. Mgonjwa wa Crohn anaweza kujisikia mzima kabisa huku kamera ikionyesha vidonda bado vipo. Tena steroidi haizuii ugonjwa usirudi, na ikinywewa muda mrefu inaleta kisukari, presha, mifupa kulika na mtoto wa jicho. Kwa hiyo daktari huitoa kwa wiki kadhaa, anaipunguza, huku akianzisha dawa ya kudumu kama mesalazini au azathioprini.

Kwa sisi wa kando ya ziwa kuna jambo zito zaidi. Steroidi inashusha kinga. Kama kumbe ni ameba, utumbo unaweza kutoboka. Minyoo midogo ya strongiloidi, inayoingia kwa kukanyaga udongo peku, inaweza kusambaa mwili mzima na kuua. Kifua kikuu cha utumbo nacho kinafanana sana na Crohn, na steroidi peke yake inakipa nafasi ya kuenea. Ndiyo maana choo kinapimwa kwanza, zaidi ya mara moja ikibidi, kisha mgonjwa anapelekwa hospitali ya rufaa kama Bugando kuingiziwa kamera na kukatwa kinyama cha kupima. Inachosha, na nauli ni nauli, lakini kununua vidonge dukani kwa kubahatisha ni hatari kuliko hapo.

Kama tayari unazitumia kwa wiki kadhaa, usiache ghafla hata ukijisikia vizuri. Tezi zako zimeshazoea kukaa bila kazi. Ukikatisha, kotisoli inakosekana: unalegea, unatapika, presha inashuka, unaweza kuzimia. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, na anayepanga ni daktari.