Hamamu ya Kidichi: pumziko la mlimani na wanawake waliokuwamo



Siku hizi shughuli ya harusi haijesha vizuri, tayari yanazungumzwa mambo ya safari. Bibi harusi atafutiwe mahali pa juu penye baridi, Lushoto kwa mfano, au Jabal Akhdhar kule Oman kwa wenye uwezo. Akasingwe, akafukizwe udi, anyamaze kidogo na alale bila ya simu. Wazee wetu husikia hayo wakatikisa vichwa, wakasema ni mambo ya kuiga. Lakini hapa hapa Unguja, katikati ya mikarafuu, limesimama jengo lililojengwa kwa kazi hiyo hiyo mwaka 1850, na aliyejengewa alikuwa mke wa mtu.

Jengo lenyewe ni hamamu ya Kidichi. Ukitoka mjini unapita Mtoni, unafika Bububu, kisha unakata kulia na kupanda kuelekea mashamba. Najua mtu wa Moshi au Lushoto akiambiwa kwamba huo ni mlima atacheka, kwani sehemu za juu kabisa za Unguja ni mita mia na ushei tu kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, aliyewahi kushinda Shangani mwezi wa Februari, jua la utosi na upepo umekatika, anaujua utofauti wa kufika Kidichi. Hewa ni nyepesi na kivuli ni cha kweli. Kwa sisi watu wa kisiwani, huo ndio mlima wetu.

Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, alikuwa na kasri Mtoni, ukingoni mwa bahari, na mashamba ya karafuu huko juu. Mke aliyejengewa hamamu hii alikuwa binti wa kifalme kutoka Uajemi, mjukuu wa Shah. Watu wa Unguja wamemhifadhi kwa majina mawili. La kwanza ni Binti Irich Mirza, yaani jina la baba yake. La pili ni Shehzade, neno la Kiajemi lenye maana ya mwana wa mfalme. Ukitazama vizuri, hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mama yake alimwitia. Moja ni la baba, jingine ni cheo. Tunaijua hamamu yake, tunajua nguo zake, tunajua hata ugomvi wake na mumewe, lakini tunamwita kwa cheo.

Kwa nini hamamu, na kwa nini juu? Hapa inafaa tumfuate alikotoka. Nchi ya Uajemi kwa sehemu kubwa ni nchi ya juu. Shiraz iko kiasi cha mita 1,500, na Tehran imeegemea milima ya Alborz. Watu wake walikuwa na desturi ya zamani sana ya kuhama na majira. Joto likipanda, mwenye uwezo huondoka mjini akapanda mlimani mpaka hali ya hewa itulie, na mahali hapo pa kupandia wanapaita yeilagh. Watawala wa ukoo wa Qajar, ambao ndio ukoo wa huyu bibi, walikwenda Shemiran kwenye mabonde ya chini ya Alborz, na Fath Ali Shah alikuwa na kasri lake la kiangazi huko Sultaniyeh. Kwa mwanamke aliyelelewa hivyo, kutopanda popote wakati wa joto ni sawa na sisi kuambiwa tukae Ramadhani nzima bila ya futari ya pamoja. Unaweza kuishi, lakini kitu kimepungua.

Na hamamu huko kwao haikuwa chumba cha kuogea tu. Mwanamke wa Kiajemi alikuwa akishinda hamamuni siku nzima, na matunda, na vinywaji, na soga. Alisuguliwa kwa kifuko kigumu cha mkononi mpaka taka zote zikatoka, akatiwa hina nywele na mikono. Bibi harusi alipelekwa hamamuni na jamaa zake kabla ya harusi kwa shangwe na ngoma. Ukisoma habari hizo huwezi kuacha kumkumbuka somo wa kwetu na singo yake, liwa na maua ya mwaridi, na bibi harusi aliyefungiwa ndani siku kadhaa akisuguliwa mpaka ngozi ing'are. Vifaa ni tofauti kidogo, lakini jambo ni lile lile, kwamba wanawake wanamchukua mmoja wao na kumpumzisha kwa mikono yao kabla hajaingia katika maisha mengine.

Mengi tunayoyajua juu ya Shehzade yametoka kwa mwanamke mwingine. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Alikuwa mtoto mdogo sana wakati wa mama huyo wa kambo, kwa hiyo mengi aliyahadithiwa na wakubwa, na hadithi za wakubwa wa jumba lenye wake na masuria tunazijua zilivyo. Hata hivyo picha anayoichora haisahauliki. Shehzade alikuwa mzuri wa sura, mwenye kiburi, mwenye kutumia bila ya kuhesabu. Nguo zake za Kiajemi zilishonewa lulu, na lulu ikianguka mtumishi akaiokota, bibi hakukubali kuipokea tena, ikawa bahati ya aliyeiokota. Alipanda farasi mchana kweupe, akaenda kuwinda na wapanda farasi wake wa Kiajemi, 150 kwa idadi ya Salme. Waarabu wa Mtoni waliona kuwa amepita mpaka.

Sasa muweke huyo pembeni ya Bibi Azza binti Seif, mke mkubwa, binti wa kifalme wa Oman. Salme anamweleza kuwa mfupi wa umbo, asiye na uzuri wa kutajwa, na mwenye amri ambayo nyumba nzima iliinama mbele yake, Seyyid Said akiwamo. Mimi binafsi huwa nafikiri kwamba kilima cha Kidichi kilikuwa na faida moja ambayo hakuna anayeitaja: kilikuwa mbali na Bibi Azza.

Kutoka nje kwenyewe kulikuwa jambo la kuombewa ruhusa. Salme ameeleza kwa furaha kubwa safari za wanawake wa kasri kwenda mashamba, na kurasa hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Kwanza ruhusa ya baba, kisha maandalizi, vyakula, nguo, punda weupe waliopambwa. Safari ilianza mapema sana kabla ya jua. Wakifika shambani ni kula, kutembelewa na majirani, kulala chini ya miti, kucheka bila ya kuchungwa kama mjini. Salme anasema baba yake alikuwa na mashamba 45, kwa hiyo mahali pa kwenda hapakukosekana. Kidichi husimuliwa kuwa ni hapo Seyyid na mkewe walipofikia baada ya kuwinda na kukagua karafuu, wamechoka na wamejaa vumbi, wakaingia hamamuni.

Ndani utakuta mpangilio wa hamamu zote za nchi za Kiislamu: chumba cha kuvulia nguo, sehemu ya kukandwa na kupumzika, birika la maji, na makuba meupe juu yake yenye matundu ya duara ya kupitishia mwanga. Kinachowashangaza wengi ni mapambo. Kuta zimejaa nakshi za chokaa, maua, mitende na ndege. Nasema ndege wenye macho na mikia, ndani ya nyumba ya mtawala wa Kiibadhi! Mabwana wa Oman hawakuwa na desturi ya kupamba kwa sura za viumbe, na ukienda kuziangalia nyumba za Waarabu wa Mji Mkongwe utaona milango mingi imechongwa maua na minyororo. Ndege wa Kidichi ni wa Kiajemi, na maandishi yaliyomo ukutani ni mashairi ya Kiajemi. Mume Ibadhi, mke Shia, na watu wa kisiwa wengi wao Sunni wa madhehebu ya Imamu Shafi. Seyyid Said aliwaacha wote waswali wanavyoswali, na ndani ya hamamu ya mkewe akawaacha tausi pia.

Wapo wanaouliza kama hamamu yenyewe ina sura katika dini yetu. Swali hilo si geni. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameliandikia katika Ihya, kwenye mlango wa tohara. Hakufunga mlango. Alitaja kwamba masahaba waliingia hamamu za Sham, kisha akaweka masharti: utupu usitiriwe, macho yainamishwe, na maji yasimwagwe zaidi ya haja. Hilo la tatu ndilo ninalotaka tulishike tunapokwenda mbele.

Kwa sababu maji ya Kidichi hayakupanda mlima wenyewe. Chemchem ziko chini, upande wa Bububu, na hamamu iko juu. Birika lazima lijazwe. Maji ya moto lazima yapate kuni, na kuni lazima zikatwe, zibebwe na zikokwe saa nyingi kabla bibi hajafika. Mwaka 1850 kazi hizo katika shamba la Seyyid zilifanywa na watumwa. Hao ndio waliopanda mikarafuu, waliochuma, waliochambua vikonyo na kuanika. Salme mwenyewe, ambaye wala hakuwa mpinzani wa utumwa, anaeleza jinsi watumwa walivyokimbia kwa miguu pembeni ya punda wa mabibi. Mkono uliomsugua Shehzade mgongo ulikuwa wa mwanamke, bila shaka, na uwezekano mkubwa hakuwa huru. Masuria wa kasri pia, kwa asili ya sheria, walikuwa wanawake walionunuliwa. Salme anawahesabu 75 waliobaki baba yake alipofariki, na mama yake mwenyewe, Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa angali mtoto, alikuwa miongoni mwa masuria hao.

Na wala hali hiyo haikwisha upesi. Amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, na masuria waliachwa nje yake mpaka mwaka 1909. Kuna bibi zetu ambao mama zao waliyaona hayo.

Ndiyo maana maneno ya "zawadi ya mapenzi", ambayo mgeni yeyote anayepelekwa Kidichi huambiwa, huwa hayanikai sawa. Zawadi ilikuwapo, sikatai. Mume alijenga kitu ambacho mkewe alikijua kutoka kwao, akakijenga kwa mtindo wa kwao, na si waume wengi wanaofikiri hivyo. Ila ndoa haikusalimika. Salme anasema moyo wa Shehzade ulikuwa kwa mtu mwingine, kwamba siku moja Seyyid aligundua, akakaribia kumuua kwa hasira, na mtumishi mwaminifu akamzuia. Baada ya hapo akamwacha. Bibi akarudi Uajemi. Hakuwa na mtoto na Seyyid. Baadaye, Seyyid Said alipokuwa vitani na Waajemi huko Bandar Abbas, zilikuja habari kwamba Shehzade ameonekana upande wa adui, akilenga bunduki kwa watu wa ukoo wa mumewe wa zamani. Kama kweli au chumvi ya Mtoni, Salme ameiandika.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirejea Unguja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na sifa ya karafuu ikahamia Pemba. Hamamu ikabaki na kuta zake.

Lakini desturi haikubaki juu kilimani. Seyyid Barghash, ndugu yake Salme, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga hamamu mjini, akaleta maji ya chemchem mjini kwa mabomba, na mtaa ule mpaka leo unaitwa Hamamni. Tofauti yake na Kidichi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hii ya mjini ilikuwa ya kulipia. Mwanamke asiyekuwa mke wa mfalme, mwenye senti zake, aliweza kuingia akatoka jasho, akasuguliwa, akapumzika na wenzake saa mbili tatu.

Kidichi leo ni makavu. Wageni wa ziara za viungo husimama dakika chache, hupiga picha ya kuba, kisha hurudi kununua karafuu na mchaichai. Mabibi harusi nao huja na wapiga picha wao, na kweli kuta zile nyeupe hupendeza na shela. Ukienda, ingia kwanza peke yako kabla ya picha. Waangalie tausi. Kisha toka nje, utazame chini upande wa Bububu, kuliko na maji, uipime njia kwa macho, na ndoo ikiwa kichwani.